Bi Verlene Stubblefield na King'ora cha Saa Sita

Programu hii imewekwa mikononi mwenu leo, Jumamosi tarehe 29 Juni 2024, na maana yake ni kwamba Bi Verlene Stubblefield ni mstaafu wa siku moja. Aliajiriwa na ofisi ya mji wa Cordray Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 1982, akatoka jana jioni, na kati ya siku hizo mbili kuna miaka arobaini na mmoja, miezi minane na siku kadhaa ambazo yeye anazijua kwa idadi na sisi hatuzijui. Mameya saba wamepita mbele ya meza yake. Sita kati yao aliwahi kuwaambia wachomekee shati. Wa saba ni mwanamke.

Mimi ni Lyle Pettus, afisa wa utalii, na nimeombwa niandike kwa sababu mimi ndiye ninayeandika kila kitu hapa, kuanzia kijitabu cha wageni hadi kibao cha kuwazuia mbwa wasiingie makaburini. Niliambiwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Ila niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hofu, na kabla hamjafika ukurasa wa mwisho mtajua ninaogopa nini.

Kazi aliyoajiriwa nayo Bi Verlene ilikuwa kupokea simu, zile za ofisi ya mji na zile za zimamoto, kwa kuwa ofisi hizo mbili zinatenganishwa na ukuta mmoja na madiwani wa zamani hawakuona haja ya kuajiri watu wawili. Chini ya meza hiyo ndipo kilipo kitufe cha king'ora. Ni chekundu, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya maziwa, na hakitaki kubonyezwa na kuachwa. Ni lazima ukishikilie. Ukikiachia, king'ora cha juu ya paa kinashuka sauti na kunyamaza.

Kila Jumamosi, saa sita kamili mchana, Bi Verlene alikishikilia kwa nusu dakika ili kujaribu kama king'ora ni kizima. Alifanya hivyo miaka thelathini na mitano mfululizo. Jumamosi alizokosa ni nne: mbili za kujifungua, moja ya kumzika mumewe, na moja ya upasuaji wa goti, ambayo mpaka leo anaizungumzia kama utoro.

Mnaoishi hapa mnajua jinsi mji ulivyokizoea. King'ora kilipolia, mkate wa mahindi uliingia jikoni kuokwa. Kinyozi aliweka mkasi chini. Mbwa wa Bi Ozella Crum waliimba sauti mbili. Watoto waliojifunza kusoma saa walisahihishwa kwa mlio huo. Mlio wa hatari ukawa kengele ya chakula, na hakuna aliyeona ajabu.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, maana bila kiwanda hamtaelewa.

Cordray ilikuwa mashamba ya pamba kando ya mto, kisha ikawa mahakama ya matofali mekundu na reli, kisha mwaka 1907 kikajengwa kiwanda cha nyuzi ambacho ghala lake la juu ndilo mliloketi ndani yake sasa hivi. Nilipofika kutoka Montgomery mwaka 2009, nikapewa kazi ya kuiandika historia hiyo kwa wageni, niliandika kwamba mji mzima ulifanya kazi kiwandani. Bi Verlene alinirudishia rasimu ikiwa na alama moja tu ya kalamu nyekundu. Pembeni ya maneno hayo alikuwa ameuliza: "Mzima wa nani?"

Baba yake, mzee Hosea Stubblefield, alipakua marobota ya pamba uani kwa miaka kumi na minane, jua na mvua, kabla mtu mweusi hajaruhusiwa kugusa mashine ndani. Walipomruhusu kuingia walimpa tanuri la mvuke, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Lakini mwenye tanuri ndiye mvuta filimbi ya mvuke ya kiwanda. Kwa hiyo mtu ambaye mji ulimweka nje ndiye aliyeuamsha mji kila alfajiri, akaupa ruhusa ya kula na akaurudisha nyumbani. Nilirekebisha sentensi yangu. Bi Verlene anasema haijatosha bado.

Filimbi ya mzee Hosea ilikuwa na milio yake, na mmoja hakuna aliyeupenda: mitatu mifupi, mmoja mrefu. Maana yake, kimbunga kinakuja, acha mashine ilivyo, teremka ghala la chini. Uliwekwa baada ya mwaka 1932, wakati wafanyakazi kumi na mmoja walipokufa wakiwa wamesimama kwenye mashine zao, kwa kuwa msimamizi aliwaambia wamalizie zamu kwanza. Mzee Hosea aliupiga mara nne maishani mwake. Nyumbani aliwafundisha wanawe kwa kugonga meza na kidole wakati wa chakula, mpaka wakaujua kama majina yao.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2001, na Cordray nusura ifungwe nacho. Mnaokumbuka miaka ile mnakumbuka madirisha yaliyozibwa kwa mbao barabara nzima. Kilichotuokoa ni wageni. Walikuja kutoka Birmingham na Atlanta kununua vitanda vya kale vya mabibi zetu, kula kambare wa kukaanga siku ya Ijumaa, kupiga picha kiwanda kilichovaa majani na kurudi na pai za viazi vitamu kwenye magoti. Ghala la juu likawa ukumbi wa harusi. Leo hii ukitaka kufunga ndoa hapa mwezi wa Oktoba unasubiri miaka miwili. Sehemu ya sifa hiyo ni yangu, na kwa muda niliivaa kama suti mpya.

Ukurasa wa nne wa kijitabu changu ulisema hivi: "Jumamosi saa sita mchana mtasikia king'ora. Msiogope. Hiyo ni Cordray inawaita mezani." Wageni waliupenda ukurasa huo kuliko yote. Walisimama uwanja wa mahakama wameinua simu zao, wakisubiri, na kikilia walipiga makofi. Niliagiza hata fulana zenye picha ya king'ora na sahani.

Bi Verlene hakununua. Siku moja alinisimamisha mlangoni, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaotisha zaidi: "Mwanangu, umewafundisha watu kupigia makofi kitu cha kukimbia." Nilicheka. Nadhani nilimwambia asijitie wasiwasi. Naona haya kuyaandika haya, lakini wasifu wake haukamiliki bila ujinga wangu.

Jumamosi ya tarehe 14 Aprili 2018 ilikuwa Siku ya Kiwanda, sikukuu ya mji wetu. Hewa ilikuwa nzito na ya joto tangu asubuhi, na upande wa kusini magharibi mbingu ilikuwa na rangi ya jeraha la siku tatu. Redio ilisema dhoruba ni ya jioni. Uwanjani tulikuwa zaidi ya watu mia nne, nusu yao wageni. Zimamoto wote, na mkuu wao Dub Hargett, walikuwa wameitwa kwenye ajali ya magari barabara kuu. Ofisini alibaki Bi Verlene peke yake.

Saa sita kasoro dakika saba simu yake ililia. Mkulima wa ng'ambo ya mto, maili saba kutoka hapa, alisema kimbunga kimegusa ardhi, kimechukua banda lake la ng'ombe, na kinaelekea mjini. Bi Verlene akakishika kitufe.

Mimi nilikuwa jukwaani na maikrofoni, nikijiandaa kumtangaza mshindi wa bamia za siki. King'ora kikapanda. Watu wakatazama saa zao. Kinyozi alimwambia mteja wake kwamba saa ya Bi Verlene imekimbia, anahitaji betri. Wageni wakainua simu. Makofi yakaanza upande wa chemchemi, yakaenea. Nami nikasogea kwenye maikrofoni, nikasema: "Msiogope, jamani. Hiyo ni kengele yetu ya chakula. Karibuni Cordray."

Sentensi hiyo ni yangu. Hakuna aliyeniandikia.

Kwa kawaida king'ora kilinyamaza baada ya nusu dakika. Siku hiyo hakikunyamaza. Ilipita dakika, ikapita ya pili. Watu waliziba masikio wakicheka. Baadhi ya simu zilianza kutoa tahadhari, lakini mtandao wa Cordray, kama mnavyojua, huja unapojisikia, na simu nyingi zilikuwa hewani zikirekodi. Mimi nilidhani kitufe kimekwama. Sikuinua macho kutazama mbingu.

Bi Verlene alikuwa akituona kupitia dirisha lake. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuogopa vile, si kabla wala baada. Aliona watu mia nne wanacheka chini ya wingu. Akikiachia kitufe akimbie kutuambia, king'ora kitanyamaza na sisi tutakuwa na hakika kwamba kilikuwa cha chakula. Akiendelea kukishikilia, tutaendelea kupiga makofi mpaka mwisho. Na hakuwa na mtu wa kumtuma.

Akakiachia. Uwanja ukawa kimya. Katika ukimya ule nilisikia mngurumo wa garimoshi la mizigo ukitoka upande wa mto, na nilikuwa nimeanza kutabasamu, kabla sijakumbuka kwamba reli ya Cordray iling'olewa mwaka 1989.

Kisha ukaja mlio mfupi. Mfupi. Mfupi. Na mmoja mrefu.

Bi Ozella Crum alikuwa na miaka themanini na minne, thelathini na minane kati yake aliipitisha akisokota nyuzi. Asubuhi hiyo watu wawili walikuwa wamemsaidia kuketi. Aliinuka mwenyewe. Aliacha chupa zake za bamia, mkoba wake na fimbo yake. Nikatupa macho ng'ambo ya uwanja na kuona wengine wakiinuka vilevile: mzee kwenye kiti cha kinyozi, shuka la kunyolea bado shingoni, mama aliyekuwa akikaanga kambare wa kuchangia kanisa, akazima moto kwanza, kisha akaondoka. Hawakuitana wala kutazamana. Miaka kumi na saba tangu kiwanda kifungwe, na miguu yao ilikuwa haijasahau.

Alipopita chini ya jukwaa, Bi Ozella hakusimama. Aliniambia: "Zima hiyo maiki uteremke. Huo si wa chakula. Huo ni wa Hosea."

Wageni, ambao hawakukiogopa king'ora, waliwaogopa wazee. Ukiona watu wazima sitini wanaelekea mlango mmoja, kimya, kwa mwendo ambao hukujua bado wanao, huulizi. Tuliwafuata. Tuliingia kiwandani kwa mlango mpana wa marobota, tukashuka mteremko wake hadi ghala la chini, watu mia nne na ushee, tukibanana kama nyuzi kwenye kibiringo. Nami nakiri mbele yenu wote kwamba nilimsukuma mtu mmoja ili nipite. Sijui alikuwa nani. Kama umo humu leo, nisamehe.

Chini kule tuliendelea kuusikia mlio. Mitatu mifupi, mmoja mrefu, tena na tena. Midomo ya Bi Ozella ilikuwa ikiuhesabu. Kisha, katikati ya mlio mrefu, ukakatika. Haukushuka polepole kama mtu anapoachia kidole. Ulikatika. Vumbi likamwagika kutoka darini, masikio yakaziba, na mtu fulani akaanza kusali kwa sauti ambayo baadaye niliambiwa ilikuwa yangu. Niliogopa kufa, kwanza. Halafu ikaja hofu nyingine, kubwa zaidi, ambayo haijaondoka kabisa mpaka leo: kwamba mwanamke amekufa ameshika kitufe kwa sababu mimi nilishika maikrofoni.

Kimbunga kilipita saa sita na dakika moja. Jukwaa langu lilipatikana mtoni. Paa la zimamoto, pamoja na king'ora, lilipatikana kwenye makaburi ya Wabaptisti. Kati ya watu wote waliokuwa uwanjani, hakufa hata mmoja.

Bi Verlene tulimfukua chini ya meza yake, mfupa wa bega umevunjika, sikio la kushoto limekufa, na kitufe kiko mkononi pamoja na kipande cha waya. Aliniuliza: "Wote wameshuka?" Nikamwambia wote. "Na wewe?" Nikamwambia hata mimi. "Afadhali," akasema. "Yupo mtu wa kuufuta ukurasa wa nne."

Niliufuta. Fulana nilizichoma mwenyewe nyuma ya ofisi. Bi Verlene alirudi kazini baada ya wiki saba, mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kukomesha majaribio ya saa sita. Alipewa ngao ya shaba na wakubwa waliokuja na magari meusi. Ngao hiyo ndiyo inayozuia mlango wa ofisi yetu usijifunge kwa miaka sita sasa, na ukitaka kumtukana iinue uitundike ukutani.

Mafanikio yake mengine ni mengi na nafasi ni ndogo. Aliwaongoza wanawake wanne kujifungua kwa simu. Alimtambua mlevi yeyote wa wilaya kwa namna anavyopumua kabla ya kusema. Alimfundisha Dub Hargett kuandika ripoti, jambo ambalo Dub mwenyewe anasema lilikuwa gumu kuliko kuzima moto.

Sasa niiseme hofu yangu.

Miaka miwili iliyopita wilaya ilituwekea king'ora kipya kwenye nguzo ya chuma. Kinajibonyeza chenyewe, kwa kompyuta iliyo maili arobaini kutoka hapa, na kinajaribiwa kila Jumatano. Ni kizuri, sina la kusema. Lakini Jumatano iliyopita nilipita kwa kinyozi, kikalia, naye akaweka mkasi chini akaniuliza kama nimekula. Miaka miwili tu imetosha. Kwa sisi watu wa Cordray, kitu kikilia saa zile zile, tunatia chungu motoni.

Kitufe cha Bi Verlene bado kipo, kwa sababu alikataa kiondolewe, na juu ya paa jipya kuna king'ora tulichokiomba kwa mji uliokuwa ukikitupa. Juzi Alhamisi alinikabidhi kitufe hicho. Ndiyo, mimi. Alisema amenichagua kwa kuwa mimi ndiye mtu pekee mjini ambaye hatakiona tena kuwa kitu cha kuchekesha. Pamoja na ufunguo wa ofisi alinipa karatasi iliyokuwa kwenye droo yake tangu 2018. Ni majina ya wale waliosimama siku ile, waliokuwa wafanyakazi wa kiwanda, sitini na mmoja. Amekuwa akiyapigia mstari mmoja mmoja, kila mwenye jina anapofariki. Bi Ozella alipigiwa mstari Januari. Wamebaki tisa, na wawili kati yao hawasikii.

Hapo ndipo usingizi wangu ulipoishia. Naweza kuliona wingu mapema. Naweza kubonyeza sawasawa, mitatu mifupi, mmoja mrefu. Lakini huo mlio bila watu wa kuujua ni kelele tu, na uwanja utatazama saa zake. Nilimwambia Bi Verlene hivyo: "Nitabonyeza, na hakuna atakayesimama."

Alinitazama kama anavyomtazama meya asiyechomekea. "Basi wafundishe. Baba alinifundisha mezani, kwa kidole, sukuma wiki ikipoa mbele yangu. Au wewe watu wa Cordray hujawahi kuwaona mezani?"

Kwa hiyo, wapendwa, mmeketi mezani. Alipanga yeye, si mimi. Tazameni ratiba nyuma ya programu hii: mtaona kwamba chakula hakijaandikwa saa sita. Saa sita kamili kitufe kitabonyezwa kwa namna ya mzee Hosea, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Ningependa iwe saa nyingine, lakini Bi Verlene alitaka hiyohiyo, kwa sababu ndiyo saa tuliyoiharibu. Mkiusikia, acheni sahani, acheni mikoba, mshikeni mgeni aliye karibu nanyi, mteremke kwa mlango wa marobota. Msipige makofi. Na sasa hivi, kabla hotuba hazijaanza, wekeni kidole mezani mgonge: mitatu mifupi, mmoja mrefu. Tena. Rudieni mpaka jirani aache kuwashangaa na aanze kugonga.

Mimi sitakuwa nanyi. Nitakuwa kwenye kiti chake cha ofisini.

Bi Verlene atakuwa nanyi. Nilikuwa sijawahi kulifikiria jambo hili mpaka juzi: katika miaka yake yote arobaini na mmoja, kila tulipohitaji kuteremka, yeye alibaki juu. Hajawahi kujificha hata siku moja. Leo anashuka. Atembee katikati yenu, na anayetaka kumwambia neno asimame kuliani kwake, upande unaosikia.

Bi Verlene, mji huu unakushukuru, na wengi wanaokushukuru wana watoto ambao wasingekuwepo. Tunakuombea Jumamosi nyingi za uvivu, mkate wa mahindi unaotoka jikoni saa yoyote unayotaka, na mbingu safi upande wa kusini magharibi. Ukifika chini leo, kaa. Usigeuke kutazama juu. Kuna mtu kwenye kitufe.